Dhahabu Ilale Kwanza

Majira mazima ya baridi yaliniishia macho makavu kwa ajili ya swali moja. Desturi ya kaunta yetu, ile ya kuilaza dhahabu ya mteja kabla ya kuiyeyusha, ilikuwa heshima au kiburi? Kama ilikuwa heshima, ilistahili kupiganiwa. Kama ilikuwa kiburi, basi nilikuwa karibu kuwapotezea wenzangu mahali pazuri kuliko pote katika duka lile kwa ajili ya kipande cha kitambaa chekundu na uzi. Jibu lilitakiwa kutoka kwangu, mtu ambaye hata kuchagua juisi humchukua muda mpaka mwenye kibanda akamhudumia wa nyuma yake.

Nimestaafu mwezi uliopita. Shangazi yangu wa Sulimaniyah, mjini Riyadh, hataki kulisikia neno hilo. Anasema mtu ambaye hajafika arobaini hastaafu, huacha kazi, na anayeacha kazi ana sababu asiyotaka kuisema. Sababu ninayo, na naisema: mama yangu hawezi tena kukaa peke yake, na katika watoto wake mimi ndiye nisiye na mume wala watoto. Nimerudi Ruwais, Jeddah, katika nyumba niliyozaliwa. Kwa kuwa sina tena kaunta ya kusimama nyuma yake, nawaandikia ninyi mliobaki nayo. Mmekuwa mkiniuliza mambo haya vipande vipande kati ya mteja na mteja, nami nimekuwa nikiwajibu hivyo hivyo vipande vipande.

Sheikh Marwan alikuwa sonara katika soko la zamani la Jeddah. Lile duka kubwa la kifahari lilipofungua milango yake, alikodi ndani yake kaunta moja ya ghorofa ya chini, na tawi la Riyadh lilipofunguliwa akakodi nyingine. Tangu siku hizo familia yake haijatoka. Majina ya kigeni yalikuja na taa zake na picha za warembo, yakakaa, yakahama. Kaunta yetu ya mbao za rangi ya kahawa, Jeddah kama Riyadh, ilibaki pale pale, hatua chache kutoka mlango mkuu, jirani na manukato. Nyanya alinunua hapo seti yake ya harusi, binti akanunua, mjukuu akaja na simu yake kupiga picha kioo kile kile. Mimi sikuijenga kaunta hiyo, lakini nilisimama ndani yake, na siku zote nilisimama wima.

Niliajiriwa mara tu nilipomaliza chuo. Nilisomea uhasibu. Baba alikuwa na rafiki yake, Ammi Seif, mzaliwa wa Unguja aliyeletwa Jeddah akiwa mtoto mdogo wakati familia zetu zilipohamia baada ya mwaka 1964. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa kaunta ya Jeddah. Wakati ule maduka yalikuwa ndiyo kwanza yameanza kuajiri wanawake, na Hisham, mjukuu wa Sheikh Marwan, alitaka mwanamke mmoja kwa majaribio. Ammi Seif akanitaja mimi. Nilipomuuliza kwa nini mimi, alisema kwa sababu nilikuwa binti pekee anayemjua ambaye husoma karatasi ya dawa mpaka chini kabla ya kumeza kidonge.

Kabla ya siku ya kwanza nilikariri karati zote, uzito wa madini, majina ya mawe kwa Kiarabu na Kiingereza. Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyetaka herini za mtoto mchanga. Nikamweleza tofauti ya karati kumi na nane na ishirini na moja, na ni shaba kiasi gani huchanganywa na kwa nini, na ngozi ya mtoto huathirikaje. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akashukuru, akaenda kununua kwingine. Ammi Seif alikuwa akifuta kioo. Hakuinua kichwa.

"Umemtisha, mwanangu," alisema kwa Kiswahili. "Alikuja kununua herini, ameondoka anamwogopea mtoto."

"Nilitaka ajue, Ammi."

"Atajua. Kwanza mwache azishike."

Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza, na ninyi nimewafundisha hivyo hivyo. Kitu hutolewa kwa mikono miwili, kikalazwa juu ya mahameli, na mkono wa mteja ukakiendea wenyewe. Bei haisemwi kabla ya mteja kujitazama kiooni. Mizani humwelekea mteja, si sisi, na asome yeye namba kwa sauti yake. Kioo cha kaunta hufutwa kwa maji yenye siki kidogo, wala si kwa hizo dawa za rangi ya bluu, maana huacha ukungu ambao taa hufichua saa kumi jioni wakati wateja ni wengi. Lulu haziingizwi kwenye ile mashine ya kusafishia inayotetema, na feruzi hata maji ya sabuni haiyapendi.

Juu ya lulu, Ammi Seif alikuwa na vita vyake na majirani. Vijana wa manukato walikuwa wakirusha marashi hewani ili wapitao wanuse, na marashi huua mng'aro wa lulu. Kila asubuhi alikuwa akienda kuwasalimia kwa ukarimu mkubwa, akiwauliza habari za wazazi wao, kisha akiisogeza meza yao ya majaribio umbali wa kiganja kimoja. Mwezi ukiisha, meza ilikuwa imefika karibu na viatu. Wakiirudisha, alianza upya. Vita hivyo sikuwahi kuona mshindi.

Zana zenyewe mnazijua. Lenzi ndogo ya jichoni, ambayo ukiizoea unaweza kuongea huku umeibana kwa nyusi. Jiwe jeusi la kupimia, ambalo unasugua dhahabu juu yake, ukadondosha asidi kwenye mstari na kutazama kama unafutika. Siku hizi kuna mashine inayosoma madini kwa mwanga, na mimi nilikuwa wa kwanza kuiomba, kwa sababu mtu mwenye wasiwasi hupenda kupimiwa mara mbili. Lakini jiwe sikulitupa. Mteja anauamini mstari anaouona kwa macho yake.

Na kulikuwa na pazia. Kabla ya kuwapo wanawake kwenye kaunta, mwanamke wa mji huu alinunua kidani kwa kukisia. Alikishika juu ya abaya, akakitazama, akaenda nacho nyumbani, na mara nyingi kikarudi. Nilimwomba Hisham pembe moja ndogo yenye pazia, kiti na kioo cha kimo kizima. Ammi Seif alisema pembe hiyo ilikuwa ya kutundikia kanzu yake. Tuliifanya hata hivyo, na tangu siku hiyo vidani viliacha kurudi. Kanzu yake ilihamia kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo, akawa ananikumbusha kila alipoivaa.

Sasa kulaza. Mteja anapoleta dhahabu ya zamani na kusema iyeyushwe, auziwe mpya au alipwe, hatuiyeyushi siku hiyo. Tunaipima mbele yake, tunaiweka juu ya kitambaa chekundu cha pamba, tunakunja pembe nne, kisha tunampa yeye uzi afunge mwenyewe. Fundo ni lake. Kifurushi kinaingia kwenye sefu na hakuna anayekigusa, hata Sheikh mwenyewe, mpaka Alhamisi inayofuata, mwenye mali arudi na kulifungua fundo kwa mkono wake. Hapo akisema yeyusheni, tunayeyusha bila swali, na hapo ndipo analipwa. Wanasema Sheikh Marwan aliianzisha baada ya mwanamke kurudi asubuhi akililia kikuku kilichokuwa tayari ni tope la njano ndani ya chungu. Sijui kama ni kweli. Kila duka la zamani lina mwanamke aliyerudi asubuhi.

Msidhani kulaza ni uganga. Wengi walirudi Alhamisi na neno lile lile. Nakumbuka ndugu wawili wa Jeddah walioleta bangili za marehemu mama yao, wakizigombania mbele yetu hadi mlinzi akasogea. Zikalala. Alhamisi walikuja wamepatana, wakakaa kiti kimoja, wakafungua fundo pamoja na kusema yeyusheni, gawanyeni sawasawa. Mimi nilisononeka. Nilitarajia kila mmoja amwachie mwenzake. Ammi Seif aliniona.

"Ulitaka walie?"

"Nilitaka zibaki."

"Si zako. Wewe kazi yako ni kuwapa siku. Watakalofanya na siku zao ni lao."

Baada ya miaka kadhaa kaunta ya Riyadh ilipoteza mkuu wake, na Hisham akatuhamisha sote wawili, Ammi Seif aiongoze, mimi nijifunze kuiongoza baada yake. Nilihamia kwa shangazi Sulimaniyah. Riyadh si Jeddah. Jeddah mteja anakuambia habari za shemeji yake kabla hujajua anataka nini. Riyadh anakuja anajua, anaongea kidogo, na ukimkera hatakuambia. Utamwona tu kwenye kaunta ya jirani. Ilinichosha mwanzoni, kwa sababu mimi nikinyamaziwa hujaza kimya chote kwa makosa yangu.

Ammi Seif na mimi tulikuwa na silaha moja: Kiswahili. Mbele ya mteja tuliweza kushauriana waziwazi huku tunatabasamu. Jioni moja aliingia mama mmoja wa makamo, Madam Haifa, na nyuma yake msaidizi wake wa nyumbani akiwa amebeba mifuko. Madam akaweka juu ya kioo seti nzima ya harusi, kidani, herini, bangili na pete, kazi ya kaunta yetu wenyewe. Akasema iyeyushwe yote, leo, hataki hata kuiona. Sauti yake ilikuwa tulivu kupita kiasi.

"Huyu ana moto kifuani," Ammi Seif akaniambia kwa Kiswahili, huku akiipangusa bangili kana kwamba anasifia kazi. "Mume ameongeza, au anakaribia kuongeza. Mtie uzi mkononi kabla hajatupiga na pochi."

Msaidizi akakohoa. "Mzee," akasema, kwa Kiswahili cha Kenya kilichonyooka, "mimi nasikia kila kitu."

Nilitaka kaunta inimeze. Nilikwisha kuona barua ya malalamiko, Hisham akiitwa ofisini, familia ikifukuzwa dukani kwa ajili ya ulimi wetu. Ammi Seif hakubadilika hata ukope.

"Unatoka wapi, binti yangu?"

"Machakos. Naitwa Mwende."

"Basi Mwende, nimekosea?"

Mwende alimtazama madam wake, akatutazama. "Bibi wa pili anaingia mwezi ujao," alisema. "Na pochi ni nzito, chunga."

Madam Haifa akauliza kwa Kiarabu tunasema nini. Mwende akamjibu, kwa Kiarabu chake cha jikoni lakini bila kusita, kwamba wazee hawa wanasema seti hii ni nzuri mno kuyeyushwa na mtu ambaye hajalala. Madam akaweka pochi chini. Akachukua uzi, akafunga fundo ambalo baharia asingelifungua.

Alhamisi alirudi. Alihangaika na fundo lake mpaka ukucha ukavunjika, akakataa kusaidiwa. Lilipofunguka alivaa bangili moja, akaitazama kwenye kioo nyuma ya pazia, maana tulilitundika na Riyadh pia, na aliporudi alisema, "Nifungieni. Nitaivaa kwenye harusi yake." Tangu siku hiyo hakununua dhahabu kwingine, na Mwende, kila alipofuatana naye, alikuwa akitusalimia kwanza: "Wazee wa umbeya, mko salama?" Mwende alipomaliza mkataba wake wa kwanza na kukubali kuongeza mwingine, alikuja kujinunulia kwetu mkufu mwembamba, wa kwanza maishani mwake. Alishinda nyuma ya pazia kupita hata madam wake.

Ammi Seif alistaafu kwa namna ya watu wazima, kwa chai na keki na hotuba, akarudi Jeddah. Nikawa mkuu wa kaunta. Wiki ya kwanza nilikuwa nikirudi kutoka kituo cha basi kuhakikisha sefu imefungwa. Mlinzi alizoea. Aliniona tu, akasema, "Imefungwa, ya ukhti, imefungwa dada, yalla nenda," nami nilikwenda kuitazama hata hivyo.

Kisha likaja lile lililoninyima usingizi. Duka la Riyadh lilibadilisha uongozi na kukarabati ghorofa yote ya chini. Meneja mpya wa ghorofa, kijana mwenye adabu na viatu vinavyong'aa, alileta mkataba mpya kwa kaunta zote za dhahabu. Kifungu kimoja kilisema dhahabu ya zamani inunuliwe papo hapo, na kila alasiri ikabidhiwe gari la kiwanda cha kuyeyushia ambacho duka lilikuwa limeingia nacho ubia. Atakayekubali atabaki ghorofa ya chini. Asiyekubali ataonyeshwa nafasi ghorofa ya tatu, kati ya masanduku ya safari na mapazia. Kwanza kulikuwa na msimu mmoja wa majaribio kwa kaunta zote, bila hiari.

Hisham alikuja kutoka Jeddah. Tulikaa stoo, yeye juu ya ngazi ya kukunja. Alisema babu yake angekataa bila kumaliza kusoma, lakini babu yake hakuwahi kuwa na kaunta ghorofa ya tatu. Nani atapanda mpaka huko kutafuta kidani? Na wauzaji wetu wakikosa wateja, watakwenda wapi?

"Wewe ndiye unayesimama pale kila siku," aliniambia. "Msimu ukiisha, utakalosema ndilo nitakalotia saini."

Ilikuwa heshima kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa, nami nikaipokea kama mtu anayekabidhiwa mtoto wa watu mwenye homa. Ninyi wawili mlikuwa mmeanza kazi karibuni. Mmoja wenu alikuwa akimsomesha mdogo wake. Nilikuwa nikiwatazama mnavyopanga pete na kuwahesabia wateja ambao hawatapanda. Nikampigia Ammi Seif, nikamweleza yote, faida huku na hasara huku, na hasara za faida. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," alisema, "mimi nimestaafu mpaka kuamua."

"Hata ushauri?"

"Ushauri nilikupa wote tulipokuwa pamoja. Ulikuwa hujauhitaji tu."

Akaniuliza hali ya meza ya manukato, nikamwambia imerudi karibu na lulu, akasikitika kweli.

Majaribio yakaanza, na jambo la kwanza lililonisumbua ni kwamba hayakuwa mabaya. Walikuja wanawake niliowajua kwa sura, wa nyumba za kawaida, ambao miaka yote walikuwa wakitupita kwenda sokoni kwa sababu hawakuweza kungoja Alhamisi. Mmoja alikuwa ametoka kuachika na alihitaji kulipia chumba siku ile ile. Alipokea, akashukuru, akaondoka amenyoosha mgongo. Usiku ule nilianza kujiuliza vibaya. Je, kuwapa watu siku ni wema, au ni anasa ya walioshiba? Sheikh Marwan aliwapa watu siku. Je, walioihitaji leo yenyewe aliwapa nini?

Kisha akaja Mwende. Madam Haifa alikuwa kwenye manukato, na Mwende alijitenga, akaja moja kwa moja, bila utani. Alivua mkufu wake mwenyewe, akauweka kwenye mahameli.

"Dada, mama yangu ako hospitali. Wanataka pesa leo ndio waanze. Tafadhali usiniambie Alhamisi."

Sikumwambia Alhamisi. Niliupima, namba akaisoma mwenyewe, nikamlipa, akatuma kwa simu pale pale akiwa ameegemea kaunta yetu. Alipoona ujumbe wa kupokelewa alifunga macho kidogo. Niliona fahari siku hiyo, na sitaificha: kaunta yetu ilimfaa mtu kwa saa yake. Alasiri gari la kiwanda likaja, likachukua mkufu pamoja na vingine.

Siku mbili baadaye, Alhamisi haijafika bado, Madam Haifa alisimama mbele yangu, Mwende nyuma yake akitazama pembeni. Madam alikuwa ameiona shingo tupu na kuuliza mpaka akaambiwa. Alisema anautaka mkufu wa Mwende, ule ule, atalipa yeye, na Mwende aendelee kuuvaa. Nikamwambia haupo. Akadhani nimemuuzia mtu, akasema basi mpigie simu. Ilibidi nimweleze kwamba umeyeyushwa, haupo kwa yeyote.

"Katika nyumba ya Sheikh Marwan?" aliuliza. "Siku hiyo hiyo?"

Mwende ndiye aliyenisaidia, kama kawaida yake. "Si ulikuwa wangu, na mimi ndiye niliuza?" aliniambia kwa Kiswahili. "Mbona ninyi ndio mnakaa kama mmefiwa? Mama anakunywa uji, ameanza kugombana na manesi. Mkufu ulifanya kazi yake." Madam alimnunulia mwingine, mzito zaidi. Mwende aliushukuru sana. Hakwenda nao nyuma ya pazia.

Njia nzima ya kurudi Sulimaniyah nilikuwa nikiligeuza jambo hilo. Kumlipa siku ile ilikuwa sawa. Hapo hakuna aliyeweza kuniyumbisha. Kuuyeyusha siku ile hakukumfaa mtu yeyote. Hakukumharakishia mama yake tiba kwa dakika hata moja. Sisi tangu enzi za Sheikh tulikuwa tumeyafunga mambo mawili katika fundo moja, malipo na moto, na duka nalo lilikuwa limeyafunga mawili hayo hayo, ila upande wa pili. Hakuna aliyewahi kuuliza kama yanaweza kutengana. Nilifika kwa shangazi, nikala sahani nzima ya wali, na shangazi akaniuliza kama naumwa.

Nilimwambia Hisham siku iliyofuata. Tulipe papo hapo, kwa kila anayetaka. Lakini dhahabu ifungwe, ilale mpaka Alhamisi, na mwenyewe akitaka kuikomboa kabla ya hapo, arudishe alichopokea, bila nyongeza. Alikuna kichwa. Alisema hiyo ni hatari yetu peke yetu, bei ya dhahabu ikianguka kabla ya Alhamisi tunabeba sisi. Nikamwambia nimelifikiria, pamoja na mengine mengi ambayo yeye hajayafikiria, na kama anataka nitamtajia yote. Alisema hapana, halas, yatosha, anaamini.

Siku ya kutia saini tulikaa watatu ofisini kwa meneja wa ghorofa. Nilimwomba akubali nusu: kulipa leo, ndiyo, gari la alasiri, hapana. Alitusikiliza kwa adabu yake ile ile. Alisema kifungu hakigawanyiki, kwa sababu ubia na kiwanda haugawanyiki, na kwamba nafasi ya karibu na mlango ina waombaji wengi. Akaongeza, kwa wema kabisa, kwamba familia imekuwa pale tangu duka lifunguliwe, na ingekuwa huzuni kuona jina hilo likiwa kati ya masanduku na mapazia.

Hisham alinigeukia. Kalamu ilikuwa juu ya meza, upande wangu.

Niliwafikiria ninyi wawili kwa mara ya mwisho. Nilimfikiria mama wa kwanza atakayesimama chini ya ngazi za umeme akijiuliza tumekwenda wapi. Nilichukua kalamu, nikakikata kifungu kile kwa mstari mmoja, nikamsogezea Hisham mkataba, naye akatia saini chini ya mstari wangu. Kisha nikamwuliza meneja kama anaweza kutuonyesha ghorofa ya tatu sasa hivi, nikapime kama sefu itapita mlangoni.

Alisimama, akachukua funguo. Tulipanda naye, mimi na Hisham, na futi ya fundi cherehani niliyokuwa nimeiazima kwa shangazi asubuhi ile. Nilipima mlango mara mbili, kama mnavyonijua. Sefu ilipita, upana wa kidole kila upande. Jumapili tukaipandisha.